Mtetemo wa Saa ya Futari

Jumatatu, 12 Januari

Msimu wa kukamua miwa umefunguliwa leo, na mimi nimeufungua kwa kugombana. Daftari hili nimelinunua dukani Ukunda ili hasira zangu ziwe na pa kulala, zisilale kwenye vichwa vya watu.

Mwaka jana hapa kwenye kiwanda cha sukari cha Mdzimbani, panga moja la turbini lilikatika. Turbini ni mtambo unaozungushwa na mvuke wa boila, nao ndio unaoendesha vinu vya kukamulia miwa. Ndani yake mna gurudumu lililozungushiwa mapanga madogo ya chuma, mvuke ukiyapiga, gurudumu linazunguka. Panga lile lilitoboa kifuniko likampata Abdurahman, aliyekuwa akitia mafuta. Sasa ana jicho moja. Wachunguzi wakaandika kwamba chuma kilichoka. Kilichoshwa na nini, hakuna aliyesema. Ndiyo maana nimeajiriwa mimi, Mwanatumu, fundi wa mitetemo, kwa msimu mmoja tu.

Nimetoboa kifuniko kipya na kutia vihisi vinavyonakili kila panga linapopita. Panga lililotulia hupita kwa wakati wake. Linalotetema huwahi au huchelewa kidogo sana. Jicho la mtu halioni, kompyuta inaona.

Mzee Chengo, mwendeshaji wa turbini, hakupenda. Ni Mduruma wa Samburu, mrefu, sauti nzito.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nani aliyekutuma utoboe mashine yangu?"

"Kiwanda."

"Mashine ikiwa na neno hulisema yenyewe. Haina haja ya kutiwa masikio."

"Mwaka jana ilisema, mzee. Ulisikia?"

Akaenda zake. Nimejuta kabla hajafika mlangoni. Yeye ndiye aliyembeba Abdurahman hadi kwenye gari.

Jumanne, 13 Januari

Joto. Hakuna jingine.

Ijumaa, 16 Januari

Ijumaa sisi tusio wa zamu hutoka saa sita. Nikaja nyumbani Msambweni, nikaiacha kompyuta ijifanyie kazi. Mama kapika wali wa nazi na kunde, akaniuliza kama kiwandani kuna mwanamume yeyote mwenye akili. Nikamwambia zipo boila mbili. Hakucheka.

Alhamisi, 22 Januari

Mapanga yametulia kama watoto wa chuoni maalimu akiwapo. Kila jioni natazama data ya mchana kutwa. Kwanza naichuja: pale spidi iliposhuka naondoa, maana huwa mashine inawashwa, inazimwa au miwa imekatika njiani. Ndivyo tulivyofundishwa. Nabakiza spidi kamili tu, naondoa makapi kama mama anavyopepeta mchele.

Jumanne, 3 Februari

Msimamizi wa vinu ni kaka Iddi, mtoto wa mama mkubwa, na amenisuta kwa namna ninavyomkabili mzee Chengo.

"Tumu, yule mzee mheshimu. Ungejua anavyotutendea."

"Anawatendea nini?"

"Mambo ya wanaume wa zamu," akasema, akacheka.

Yeye na Chengo ni watani. Iddi humwita mchunga mbuzi, Chengo humwita mla papa, na wakianza wanaweza kutukanana hadi miwa iishe. Mimi nikipita wananyamaza. Imeniuma kuliko nilivyotarajia.

Jumamosi, 7 Februari

Panga namba kumi na saba limelegea. Bado halijapasuka, au kama limepasuka ni kidogo mno, lakini mlio wake umeshuka. Kila panga lina mlio wake wa asili, kama mtungi ukiugonga. Mtungi wenye ufa haulii kama mzima.

Nimemwendea Mramba, msimamizi wa boila, nikamwambia mvuke wake una maji, na matone ndiyo yanayoyachapa mapanga yangu. Nilisema mbele ya vijana wake. Akanitazama tu, akaniambia nije nipime mwenyewe.

Jumatano, 11 Februari

Nimepima siku tatu. Mvuke wa Mramba ni mkavu kabisa. Nimekwenda kumwomba radhi, akaniambia, "Haina neno, dada. Lakini siku nyingine upime kwanza, ufoke baadaye." Nimekubali. Usoni nilikuwa nawaka.

Jumatano, 18 Februari

Mwezi umeandama. Ramadhani kesho inshallah. Mama ameshaloweka kunde na kutafuta tende, na ameniambia nifunge na ulimi pia.

Jumatatu, 23 Februari

Kufunga huku unafanya kazi ubavuni mwa boila si mchezo. Watu wa vinu midomo imepauka. Mimi natoka saa kumi, nafuturu nyumbani na mama. Wao zamu yao ni hadi saa mbili za usiku. Sijui wanawezaje.

Ijumaa, 27 Februari

Namba kumi na saba imezidi, na sasa mengine mawili yanaifuata. Kinachonitia wazimu ni kwamba ninapoyatazama yametulia! Mchana kutwa, spidi kamili, hayatikisiki. Kesho yake nakuta yamelegea zaidi. Ni kama mtu anayelala mzima na kuamka na alama za fimbo. Anapigwa na nani, na saa ngapi?

Nimemwambia Cynthia. Huyu ndiye mkuu wa uzalishaji, ametoka bara, ana miaka miwili hapa na bado hajui kusalimu mtu mpaka mwisho.

"Sasa, hii mashine iko na shida gani?"

"Sijajua bado. Ningeomba tuifungue."

"Mwanatumu, miwa imekatwa tayari. Iko kwa shamba inakauka. Mvua ikikuja malori yatakwama yote mpaka Lunga Lunga. Siwezi simamisha kiwanda juu ya 'sijajua.' Niletee kitu."

Nilitoka nikiwa na hasira naye. Sasa ninapoandika naona hakukosea. Sina kitu.

Jumatatu, 2 Machi

Nimepata, na natamani ningekuwa sijapata.

Asubuhi nilikaa, nikajiuliza: kama fimbo hazimo kwenye data ninayoiweka, zimo wapi? Zimo kwenye niliyoitupa. Nikayarudia makapi yote ya tangu Januari.

Kila siku ya Ramadhani, jua linapotua, spidi ya turbini inashushwa. Haizimwi. Inateremshwa hadi kiwango kimoja, kile kile kila siku, na inakaa hapo karibu nusu saa. Hapo mapanga yangu yaliyotulia yanacheza ngoma. Kabla ya Ramadhani ni kila Ijumaa adhuhuri. Ijumaa adhuhuri mimi niko Msambweni nakula wali. Magharibi niko Msambweni nafuturu. Mwezi na nusu nimekuwa nikiyatupa kwa mkono wangu mwenyewe na kujiona hodari.

Jambo lenyewe ni kama bembea. Mtoto ukimsukuma ovyo hafiki mbali. Ukimsukuma kila anaporudi, kwa mwendo wake mwenyewe, hata kidole kimoja kitamrusha. Mvuke hutoka kwenye matundu na kila panga likipita mbele ya tundu linasukumwa. Kwa spidi kamili misukumo haifuati mwendo wa panga. Kwa spidi ile ya magharibi inafuata sawasawa.

Sikwenda nyumbani. Nilimpigia mama, nikakaa hadi jua likaegemea minazi, kisha nikaenda kwenye chumba cha turbini kuona kwa macho yangu.

Iddi na watu wake walikuwa wanaondoka kwenye vinu mmoja mmoja, wakinawa mikono, wakielekea kwenye msikiti mdogo wa nje ya geti. Vijana wawili Wakristo walibaki kwenye mkanda wa miwa. Mzee Chengo alikuwa peke yake mbele ya turbini, ameshika gurudumu la mkono la kufungia mvuke, analizungusha polepole kama anayefunga mlango mtoto amelala. Mlio wa mashine ukashuka. Ukawa mtamu hata. Hilo ndilo lililonitisha zaidi, kwamba ulikuwa mtamu.

"Umechelewa kwenda nyumbani leo," akasema.

"Unapunguza kwa nini, mzee?"

"Hawa wamefunga tangu alfajiri kwenye joto hili. Spidi kamili vinu vinataka watu sita. Nikishusha hapa, wawili wanatosha. Basi wenzangu wafuturu wamekaa kitako, waswali bila haraka. Kisha wanarudi, tunaendelea. Tangu nimeingia zamu hii ndivyo tufanyavyo. Wakubwa hawajui, na wewe usiwaambie."

Kisha adhana ikalia. Akavuta kiti chake cha mbao, kilichokuwa ubavuni mwa turbini, akanipangusia vumbi kwa kofia yake. Akanimiminia maji kutoka kwenye chupa.

"Fungua, mwanangu. Usipitishe wakati."

Nikanywa. Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwenye mapanga yale, nayo yanapigwa vile, na mzee huyu amesimama kando yangu anatabasamu kwa kuwa nimepata maji ya kufungulia. Nilimwambia asante.

Jumanne, 3 Machi

Nimeamua kumwambia yeye na Iddi kabla ya Cynthia. Tulikaa nyuma ya karakana. Nikachora bembea mchangani, nikaeleza.

Mzee Chengo alisikiliza mpaka mwisho.

"Miaka yote nimeshusha pale pale," akasema.

"Mapanga ya zamani yalikuwa yamefungwa pamoja kwa waya wa chuma, mzee. Moja likitaka kutetema, mengine yanalishika. Haya waliyoyatia mwaka juzi kila moja limesimama peke yake. Ni ya bei nafuu. Wewe hukukosea kitu. Mashine ndiyo iliyobadilishwa, na hakuna aliyekwambia."

"Basi nishushe zaidi. Nipite hapo."

"Unaweza?"

Akafikiri, akatikisa kichwa. "Chini ya hapo vinu vinasakamwa na miwa. Kuvizibua ni kazi ya kutwa."

Iddi alikuwa ameukodolea macho mchoro. Kisha akauliza, na sauti yake haikuwa ya utani. "Sisi tukiwa tumesujudu, yeye amesimama pale?"

"Ndiyo."

"Na likikatika?"

Abdurahman alikuwa anapita uani na toroli, na sote tulimwona.

"La ilaha illallah," Iddi akasema. Alimgeukia Chengo. "Mchunga mbuzi, kuanzia leo huishushi."

"Na nyinyi mtafuturu vipi?"

"Tutafuturu tu. Mungu si mgumu hivyo."

Mzee Chengo akainuka, akafuta mchoro wangu kwa kiatu, taratibu. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyepeleka chakula kwa jirani kikarudishwa.

Jumatano, 4 Machi

Cynthia alisikiliza vizuri kuliko nilivyomdhania. Aliuliza maswali ya maana. Halafu akaharibu.

"Kwa hivyo ni maombi ndiyo inavunja mashine yangu?"

"Si maombi! Ni spidi. Na ni mapanga mliyonunua nyinyi."

Tulitazamana. Nilikuwa nimesimama, sikumbuki niliinuka lini. Akasema sawa, turbini itafunguliwa Idi, kiwanda kikisimama. Mpaka hapo ni spidi kamili tu. Akaniuliza kama kwa spidi kamili ni salama. Nikasema kwa hesabu zangu ndiyo, mradi isiteremshwe. Akaniambia niandike na nitie sahihi. Nimetia. Sina raha.

Alhamisi, 5 Machi

Tangazo limebandikwa: "Turbini haitapunguzwa spidi wakati wa swala." Basi. Hakuna mapanga, hakuna hatari, hakuna Abdurahman. Watu wamesoma neno swala wakajua lililobaki. Mchana wanaume wawili ninaowajua tangu utoto wamenipita bila kuitikia salamu yangu. Mmoja akasema, nisikie, "Binti yetu ameuza Ramadhani kwa watu wa bara."

Nimemwendea Cynthia, nikamwambia tangazo lake limeandikwa kwa miguu. Limebadilishwa jioni. Lakini maneno yakishamwagika hayazoleki.

Jumapili, 8 Machi

Nimelia kidogo. Mama hajauliza.

Jumanne, 10 Machi

Sasa sitoki saa kumi. Kila magharibi nakaa mbele ya skrini yangu, nafungua kwa tende mbili, natazama. Spidi kamili. Mapanga yametulia.

Iddi amewaeleza watu wake, wengi wameelewa. Wanafuturu wamesimama kwenye vinu, tende mkono mmoja, mkono wa pili kwenye kazi, wanaswali kwa zamu wawili wawili, mbio mbio. Mmoja leo ameingia swala na mikono imejaa grisi. Mzee Chengo huwatazama kutoka mlangoni kwake.

"Wanakula kama wezi," ameniambia leo. Ni neno la kwanza kunisemesha tangu siku ile.

"Wako salama, mzee. Na wewe uko salama."

"Mimi nimekuomba salama?"

Jumamosi, 14 Machi

Mawingu upande wa bahari, mvua haishuki. Malori ya miwa yamepanga foleni hadi barabarani na wakulima wamelala chini yake. Kila mtu ana hasira, si mimi tu, na hilo limenifariji kwa njia mbaya.

Jumatatu, 16 Machi

Leo ndio usiku wa kuamkia ishirini na saba ya Ramadhani, unaotarajiwa kuwa Lailatul Qadri. Watu walitaka wakishafuturu waondoke mapema, waende misikitini kwao, wakeshe. Iddi alikuwa amepanga zamu za kupokezana. Baadaye ndipo nilipojua kilichotokea: mzee Chengo alimfuata akamwambia, "Nendeni wote. Nimewapata vijana wengine wa kushika vinu, spidi haitashuka." Iddi akamwamini. Nani asingemwamini mzee Chengo?

Hakukuwa na vijana wengine.

Nilikuwa na tende mdomoni nilipoona namba ya spidi inashuka. Nikadhani miwa imekatika. Ikashuka tena, ikakaa pale pale. Mstari wa namba kumi na saba ukapanda, haukusimama pale uliposimama siku zote, ukapita, ukaendelea kupanda. Panga lilikuwa limelegea kiasi kwamba sasa lilikuwa linayumba kuliko jingine lolote nililowahi kupima.

Nilikimbia. Kutoka ofisini kwangu hadi chumba cha turbini kuna ua mzima, na nimeupita bila viatu, viatu vimebaki mlangoni. Nilikuwa napiga kelele, "Mzee toka! Toka hapo!" Kwa mlio ule asingesikia hata radi.

Alikuwa amekaa. Amekaa kwenye kile kiti chake, ubavuni mwa turbini, mikono magotini, ametulia kabisa. Nikampita nikakipiga kitufe chekundu cha dharura kwa kiganja.

Mvuke ukakatwa. Vinu vikanguruma, vikasimama na miwa mdomoni. Kule nje boila zikapumua kwa kishindo kwa kuwa mvuke haukuwa na pa kwenda. Kisha kimya, ambacho sijawahi kukisikia kiwandani humu tangu msimu uanze.

"Umefanya nini?" akaniuliza.

"Wewe umefanya nini! Nilikwambia! Nilikuchorea!"

"Usiku wa leo ni mkubwa kwao. Mara moja tu, Mwanatumu. Nilisema mara moja tu, waende wakaswali kama watu."

"Ungekufa!"

"Na kama mimi nimeridhia?"

Nikamshika shati. Mtu mzima, rika la baba yangu, nikamshika shati nikamtikisa. "Mimi sijaridhia! Umenisikia? Mimi sijaridhia!"

Hapo ndipo Iddi na wenzake walipoingia mbio kutoka msikiti wa getini, wengine wamevaa kofia za swala, mmoja bado ana kikombe cha uji mkononi. Wakatukuta hivyo. Mzee Chengo akautoa mkono wangu kwenye shati lake, kidole kimoja kimoja. Akawaambia watu wote, kwa utulivu, "Mtoto huyu ameninyang'anya heshima yangu mbele yenu." Akatoka.

Hakuna aliyemfuata. Iddi alisema, "Umefanya vyema, Tumu," lakini hakunitazama usoni.

Jumatano, 18 Machi

Wameifungua.

Namba kumi na saba imepasuka shinani, kutoka upande mmoja karibu hadi upande wa pili. Chuma kilichokuwa bado kimeshika ni upana wa ukucha. Mramba alipoliona alipiga mluzi akaomba tusilisogeze. Mengine mawili yana nyufa ndogo. Nikapiga mstari kwa macho, kutoka pale lilipokuwa limesimama hadi lilikokuwa likielekea kuruka. Mstari ulipita juu ya kiti cha mzee Chengo, kwa kimo cha kifua cha mtu aliyekaa.

Cynthia akaagiza aitwe. Akaja, akainama, akagusa ufa kwa kidole. Akainuka, akajifuta kidole kwenye suruali, akaondoka.

Nilikuwa sahihi. Nimengoja furaha yake mchana kutwa haikuja.

Jumamosi, 21 Machi

Idi Mubarak. Kila mwaka mzee Chengo huja kula pilau kwa Iddi. Sahani yake ilitengwa ikafunikwa. Jioni watoto waliila.

Ijumaa, 27 Machi

Mvua, hatimaye, na nzito. Malori mawili yamekwama. Turbini imetiwa mapanga ya zamani yenye waya kutoka stoo, Cynthia mwenyewe alikwenda kuyachimbua.

Nilidhani atamfukuza mzee Chengo, kwa haki kabisa. Nikaenda kumwombea. Akanikatiza. "Nimempeleka mizani. Atakuwa anapima malori. Hatafutwa. Na usiniulize ni kwa nini, sababu hata mimi sijui." Kisha akaniuliza kama, kwa mapanga haya ya zamani, spidi inaweza kushushwa Ijumaa bila wasiwasi. Nikamwambia nitapima kwanza. Nimepima leo adhuhuri, sikwenda kula. Yametulia. Aliyeshika gurudumu la mvuke ni kijana, naye alilizungusha kwa pupa.

Kwenye mizani nimempa mzee Chengo shikamoo. Alikuwa anaandika uzito wa lori. Aliendelea kuandika.

Jumatatu, 30 Machi

Shikamoo nyingine leo. Haikuitikiwa. Nimelelewa kwetu nikijua kwamba hata adui huitikiwa salamu. Nina hasira naye, na nina hasira kwamba yu mzima mbele yangu na bado nina hasira.

Alhamisi, 2 Aprili

Siku ya mwisho ya mkataba wangu. Nimeng'oa vihisi, nimeziba matundu.

Nimefika nyumbani nimeloa chapachapa, nikamkuta mama barazani na mwanamke nisiyemjua, mtu mzima, miguu imejaa tope hadi magotini. Nikamwamkia, akaitikia, akanipima toka kichwani hadi miguuni. Akasema anaitwa Dama, ametoka Samburu alfajiri, na malori ya leo hayana huruma.

"Mimi ndiye mke wa Chengo."

Nikakaa chini bila kukaribishwa, nyumbani kwangu mwenyewe.

"Iddi alinipigia simu akanieleza yote," akasema. "Baba watoto hakunieleza kitu. Amekuja nyumbani mwisho wa wiki, amenuna. Hasemi nami, hasemi na watoto, hasemi hata na mbuzi. Ukimtaja wewe anatoka nje."

"Mama, niwie radhi. Nilimshika shati, mbele ya watu."

"Nimesikia. Hilo hatakusamehe mwaka huu, namjua. Labda mwakani, labda asikusamehe kabisa. Yeye ni mgumu."

Mama yangu akataka kusema jambo, Dama akamzuia kwa mkono, kwa adabu.

"Mimi sikuja kukuombea radhi kwake, wala kumwombea yeye kwako. Nimekuja kwa langu." Akaivuta mikono yangu miwili akaishika kwenye yake, iliyokuwa na baridi ya mvua. "Jumamosi usiku alikaa kwenye kona yake, amegeukia ukuta, ananuna. Mimi nikakaa namtazama mgongo. Nikasema moyoni, huyu binti nitamtafuta hata kwa miguu. Ni kwa ajili yake nina mtu wa kununa nyumbani kwangu."